Jaketi la kuokolea maisha kwenye chombo kidogo ziwani: kuchagua, kuvaa, kupima na kutunza

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeingia ziwani kwa chombo kidogo: mtumbwi wa kafi, boti ya makasia, kayaki, mashua ya tanga au boti ya injini ya kupachika nyuma. Sehemu kubwa inahusu jaketi la kuokolea maisha, kwa kuwa ndilo linaloendelea kukusaidia wakati chombo, injini na simu vimeshakuacha. Takwimu za kila mwaka za Walinzi wa Pwani wa Marekani kuhusu vyombo vya matembezi zinarudia jambo lile lile: takribani robo tatu ya wanaopoteza maisha katika ajali hizo hufa maji, na zaidi ya wanane kati ya kila kumi wa hao huwa hawakuvaa jaketi.

Jaketi lililosukumwa chini ya kiti lisihesabiwe kama kinga. Chombo kidogo hupinduka kwa sekunde chache, na majaketi yasiyovaliwa hunaswa chini ya chombo au hupeperushwa na upepo haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Hata ukilikamata moja, kulivaa ukiwa majini ni kazi ngumu: linapanda juu kila unapolivuta, linahitaji mikono yote miwili, na mikono hiyo ndiyo inayokuweka juu ya maji. Kwa hiyo kila kinachofuata hapa kina sharti moja: jaketi livaliwe na kufungwa nchi kavu, kabla chombo hakijasukumwa, na livuliwe baada ya kurudi nchi kavu.

Ziwa lina mambo yake

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayakuinui kama maji ya bahari. Bahari ni nzito kwa asilimia mbili na nusu hivi, na kwa mtu wa kilo 70 tofauti hiyo ni karibu kilo moja na nusu hadi mbili za kumnyanyua. Anayeelea bila shida baharini atajikuta ziwani mdomo uko chini zaidi.

Mawimbi ya ziwani ni mafupi na yanafuatana kwa karibu. Chombo hakipati nafasi ya kupanda wimbi na kushuka. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inachomwa kwenye wimbi la pili kabla ya kumaliza la kwanza, na maji yanaingia. Upepo nao unaweza kugeuza ziwa tulivu kuwa hatari ndani ya nusu saa, hasa panapokuwa na milima kando.

Kisha kuna baridi. Joto la hewa halikuambii joto la maji. Maji hunyang'anya mwili joto takribani mara 25 kuliko hewa ya joto lile lile. Katika maji ya chini ya nyuzijoto 15 hivi, kitu cha kwanza kinachoua ni mshtuko: mtu anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji anavuta maji. Waokoaji hufundisha hesabu ya 1-10-1 kwa maji ya baridi kali: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kushuka kwa joto la mwili. Dakika ya kwanza na zile kumi huwashinda hata waogeleaji hodari, na hapo ndipo jaketi linapofanya kazi yake: linashika kichwa juu wakati wewe huwezi.

Kuchagua: soma namba kwanza

Nguvu ya jaketi hupimwa kwa nyutoni, kifupi chake N. Nyutoni 10 ni sawa na kunyanyua karibu kilo moja. Mtu mzima akiwa majini anahitaji kuongezewa kilo tatu hadi tano tu ili kichwa kikae juu, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili inaelea yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 kinagawa majaketi hivi:

50 N. Ni vazi la kusaidia kuelea, kwa mtu anayejua kuogelea, mwenye fahamu, na ambaye msaada uko karibu. Halimgeuzi aliyezimia. Faida yake ni wepesi: mikono iko huru, ndiyo maana wapiga kafi wa kayaki hulipenda.

100 N. Kwa maji yaliyokingwa na upepo. Lina ukosi nyuma ya shingo na laweza kumgeuza mtu aliyelala kifudifudi, ingawa si kila mara.

150 N. Kwa maji ya wazi na mtu aliyevaa nguo nzito. Humgeuza mtu vizuri zaidi, lakini koti la mvua lililonasa hewa mgongoni laweza kulizuia.

275 N. Kwa bahari kuu na wanaobeba vifaa vizito mwilini. Kwenye chombo kidogo ziwani huwa ni zaidi ya mahitaji, na ukubwa wake unafanya kupanda tena chomboni kuwe kugumu.

Ushauri wetu: asiyejua kuogelea asivae la 50 N, hata kama maji ni shwari na safari ni fupi. Aanze na 100 N, na kama chombo kitavuka sehemu pana ya ziwa, 150 N. Namba hizi ni za mtu mzima. Jaketi la mtoto la kiwango cha 100 lina nyutoni chache kuliko 100 kwa kuwa mwili wake ni mdogo, kwa hiyo usilikatae kwa namba hiyo. Angalia uzito wa mtoto ulioandikwa.

Lebo ya ndani ndiyo cheti cha jaketi. Tafuta mambo haya: kiwango cha nguvu, uzito wa mvaaji kuanzia kilo ngapi hadi ngapi, kipimo cha kifua, alama na namba ya kuidhinishwa, na masharti ya matumizi. Jaketi lisilo na lebo, au lenye lebo iliyofutika isisomeke, usilinunue. Pia fungua macho kwa la bandia: mshono wenye nyuzi zinazoning'inia, mkanda laini unaoteleza kwenye bizimu (kifungio chake) ukiuvuta kwa nguvu, na povu linalobonyea na kubaki limebonyea.

Rangi si urembo. Chungwa, njano na nyekundu huonekana kwa mbali. Bluu, nyeusi na kijani hupotea majini hata mchana kweupe. Liwe na vipande vinavyorudisha mwanga mabegani, na filimbi iliyofungwa kwa kamba fupi inayofika mdomoni.

Povu au la kujaza hewa?

Jaketi la povu halina cha kushindwa kufanya kazi. Ukianguka umezimia, linaelea. Likitoboka, linaelea. Jaketi la kujaza hewa ni jembamba na la kustarehesha, lakini ndani yake kuna mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi, pini, na mara nyingi kidonge kinachoyeyuka kwenye maji ili kuachia pini. Kimoja kikiharibika, umevaa kitambaa kitupu. Kwa watoto, wasiojua kuogelea, abiria wanaobadilika kila siku, na chombo ambacho hakuna mtu aliyekabidhiwa kukagua vifaa, chagua povu. Kwenye kayaki au mashua ndogo ya tanga inayorusha maji kila saa, la kujijaza lenyewe litafyatuka bila sababu. Na yeyote anayelivaa asivae koti juu yake: likijaa ndani ya koti lililofungwa hubana kifua hadi pumzi ikatike. Nchini Marekani majaketi mengi ya kujaza hewa hayakuidhinishwa kwa walio chini ya miaka 16.

Kuhusu madumu na chupa tupu zilizofungwa mwilini kwa kamba: dumu la lita 5 lililofungwa vizuri hunyanyua karibu kilo tano, hilo ni kweli. Lakini halimshiki mtu. Linahamia mgongoni na kumlaza kifudifudi, au linateleza kutoka mikononi baridi ikizidi. Dumu tupu lenye kamba ni kitu kizuri cha kumrushia aliyeanguka. Lisihesabiwe kama jaketi la mtu.

Kulivaa likae sawasawa

Jaketi zuri lililofungwa vibaya humpanda mvaaji hadi masikioni, mdomo ukabaki chini. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi, na linarekebishwa kwa dakika mbili.

1. Legeza mikanda yote kabisa kabla ya kulivaa.

2. Livae juu ya nguo utakazosafiri nazo. Lililopimwa juu ya fulana halitafunga juu ya sweta.

3. Funga zipu, kisha mikanda kuanzia kiunoni kwenda juu. Mkanda wa kiuno ndio unaozuia jaketi kupanda, kwa hiyo ukae chini ya mbavu, usikae juu ya tumbo. Mwenye tumbo kubwa mkanda huu utamteleza. Achague jaketi lenye mikanda ya mapajani.

4. Kaza mikanda ya mabega mwisho, na mikanda ya mapajani kama ipo. Usiiache ya mapajani ikining'inia ati inakera: ndiyo inayolishikilia jaketi chini.

5. Vuta pumzi hadi mwisho. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, ngumi isipite.

6. Mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi na kuyavuta juu kwa nguvu. Likipita kidevu au kufika masikioni, kaza tena. Likiendelea kupanda, ni kubwa kwako.

7. Kaa kama utakavyokaa chomboni, zungusha mikono kama unapiga makasia, geuka nyuma. Linalokuchubua makwapani leo utalivua kesho katikati ya ziwa.

8. Chomeka ncha za mikanda. Ncha inayoning'inia hunasa kwenye kishikio cha injini au wavu.

Halafu liingie majini. Chagua mahali penye utulivu, maji ya kifuani, mwenzako awe karibu. Kunja magoti ili miguu isiguse chini, lala kidogo nyuma, legeza shingo. Mdomo uwe juu ya maji bila wewe kufanya juhudi yoyote. Kama maji yanacheza kwenye midomo, kaza au badilisha jaketi. Kwa la 100 N na zaidi, jaribu pia kulala kifudifudi kwa sekunde chache, mwenzako akiwa ameshika mkanda, uone kama linakugeuza. Watu wawili wa uzito mmoja hawaelei sawa, kwa sababu misuli huzama kuliko mafuta na umbo la kifua hubadilisha kila kitu. Kwa hiyo usikubali jibu la mwingine aliyelijaribu jaketi hilo hilo.

Watoto

Mtoto ana kichwa kizito kwa mwili wake, na akianguka huelekea kulala kifudifudi. Jaketi lake liwe na ukosi mkubwa wa kuegemeza kichwa, mkanda wa mapajani, na kishikio nyuma ya shingo cha kumnyanyulia. Baada ya kumfunga, mnyanyue kwa kishikio hicho hadi miguu iache ardhi: kidevu kikiteleza ndani ya tundu la shingo, jaketi si lake. Usimnunulie kubwa ili alikulie. Akianguka leo litabaki majini bila yeye.

Kwa mtoto mchanga ambaye hakuna jaketi linalomtosha, jibu ni abaki nchi kavu. Na hapa pana hatari ambayo haisemwi vya kutosha: mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mtu mzima aliyevaa jaketi. Jaketi hufanya kazi kwa kumlaza mvaaji chali. Mzazi akielea chali, mtoto aliye mgongoni yuko chini ya maji. Aliyefungwa kifuani naye analibana jaketi na anaweza kuubana uso wake mwenyewe. Mtoto awe na jaketi lake, mwilini mwake, bila kufungwa kwa mtu wala kwa chombo.

Maboya ya mikononi na mipira ya kuchezea haina kazi kwenye chombo. Na mzoeze mtoto majini karibu na ufuko kabla ya safari, kwa sababu mtoto asiyewahi kuelea na jaketi hupigana nalo na kujigeuza mwenyewe kifudifudi.

Sheria zinavyosema

Sheria hutofautiana, ila karibu kila mahali zinakutana katika mambo haya: jaketi moja kwa kila aliyemo, la ukubwa wake, lililoidhinishwa, lisiloharibika, na lililo mahali linapofikiwa mara moja. Hiki cha mwisho huwaponza wengi wakikaguliwa. Majaketi yaliyo ndani ya mifuko ya nailoni yaliyotoka nayo dukani, au yaliyofungiwa kwenye sanduku, hayahesabiki kuwa yanafikiwa.

Juu ya hapo, nchi huongeza masharti yake. Kanuni za shirikisho za Marekani zinataka mtoto wa chini ya miaka 13 awe amevaa jaketi muda wote chombo kinapokwenda, isipokuwa akiwa chini ya sitaha au ndani ya chumba kilichofungwa, ingawa majimbo mengi yana umri wake. Chombo cha futi 16 (mita 4.9) na zaidi lazima pia kiwe na boya la kurushia, isipokuwa mitumbwi na kayaki. Ubao wa kusimama na kupiga kafi nao umehesabiwa kuwa chombo huko tangu 2008. Ayalandi imekaza zaidi: kwenye chombo cha chini ya mita 7 kila mtu aliye sehemu ya wazi lazima avae chombo kinapotembea. Kwa maoni yetu sharti hilo ndilo linalofaa chombo kidogo popote, hata pale sheria inaporuhusu kubeba tu. Kabla ya kuingia ziwa usilolijua, waulize wasimamizi wa usafiri wa majini wa hapo kuhusu umri wa watoto, boya la kurushia, na taa za usiku.

Kabla ya kusukuma chombo

Uzito kwanza. Kama chombo kina kibao cha uwezo, kifuate, na ukumbuke kwamba kilo zilizoandikwa zinajumuisha watu, mizigo, na mara nyingi injini na mafuta. Kama hakina, kwa boti ya kawaida yenye bodi (mwili wa chombo) moja ya chini ya mita 6 ipo hesabu ya haraka: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15, au kwa mita, gawanya kwa 1.4. Boti ya mita 4.5 kwa 1.5 inatoa 4.8, yaani watu wanne. Usijaze sehemu ya desimali kwa mtu wa tano. Hesabu hii ni ya maji tulivu na haitumiki kwa mtumbwi mwembamba; wingi wa mizigo au upepo unaipunguza.

Mizigo ikae chini na katikati, ifungwe isihame. Chombo kilichojaa huzama taratibu, lakini ambacho mzigo umehamia upande mmoja hupinduka ghafla.

Vifaa vya chini kabisa: majaketi, boya au dumu la kurushia lenye kamba inayoelea ya mita 15 hadi 20, chombo cha kukombea maji kilichofungwa kwa kamba, kasia la akiba hata kama kuna injini, nanga na kamba yake, tochi, filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ifungwe mwilini mwako na sio kwenye chombo. Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Mwachie mtu wa nchi kavu majina ya waliomo, njia mnayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo akiona kimya aanze kuita msaada.

Radi: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, unatakiwa uwe umeshatoka majini. Usirudi hadi zipite dakika 30 bila kusikia ngurumo.

Mkiwa safarini

Watu wengi huanguka wakiwa wamesimama: kuvuta wavu, kubadilishana viti, au kujisaidia kando ya chombo. Anayehama ainame na ashike kingo mbili, na wengine wakae. Aliyekunywa pombe asiende, awe nahodha au abiria. Pombe huharibu mizani ya mwili na humwongezea mtu kasi ya kupoteza joto.

Kwenye boti ya injini, kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye jaketi au mguu wa anayeshika usukani. Akianguka bila kamba hiyo, boti huendelea na mara nyingi huzunguka na kumrudia, rafadha (panga la injini) ikizunguka. Marekani imeifanya kuwa lazima tangu tarehe 1 Aprili 2021 kwa boti za chini ya futi 26 zenye injini ya nguvu farasi 3 au zaidi, zinapokwenda kasi.

Mawimbi yakipanda, punguza mwendo, wateremshe watu wakae sakafuni, na yakate kwa mshazari wa nyuzi kama 45 badala ya kuyapa ubavu. Injini ikizimika, tupa nanga kutoka omo. Nanga iliyofungwa nyuma huvuta tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, chini, na tezi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Maji yanaingia hapo hapo.

Mtu akianguka

Piga kelele na mnyooshee kidole. Mmoja wenu asiondoe macho kwake hata kidogo, kwa kuwa kichwa cha mtu hupotea kati ya mawimbi mita chache tu. Geuza tezi mbali naye. Mrushie boya kupita bega lake ili kamba imwangukie. Mkaribie polepole chombo kikitazama upepo, na zima injini kabisa kabla hajafika kwenye ubavu; kuiweka bila gia hakutoshi. Mpandishe nyuma au ubavuni karibu na tezi, wengine wakikaa upande wa pili kusawazisha. Mshike kwa mabega ya jaketi lake, umgeuze mgongo uelekee chombo, na mhesabu pamoja mkivuta. Buti zilizojaa maji hazimvuti chini akiwa majini, kwa kuwa maji ndani ya maji hayana uzito. Uzito huo unakuja wakati wa kumpandisha. Zivue kwanza ikishindikana. Usiruke majini kumfuata ukiwa huna jaketi.

Chombo kikipinduka

Katika dakika ya kwanza shika chombo, tulia, pumua. Hesabu watu kwa sauti. Kisha pandeni juu ya bodi kwa kadiri mnavyoweza. Kila sehemu ya mwili iliyo nje ya maji inaokoa joto. Msiache chombo kuogelea ufukoni hata kama unaonekana karibu. Umbali juu ya maji hudanganya, kuogelea humaliza joto la mwili, na chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa. Sababu ya kukiacha ni kama kinapelekwa kwenye miamba au kinawaka moto.

Ukiwa peke yako bila cha kupanda, kunja magoti kifuani, bana mikono ubavuni, kichwa juu. Mkiwa wengi, kumbatianeni vifua kwa vifua, watoto katikati. Mikao hii yote miwili inawezekana tu kwa aliyevaa jaketi. Piga filimbi mara tatu, nyamaza, rudia. Filimbi hufika mbali kuliko sauti na haichoshi koo. Namba 112 hupokelewa na mitandao ya simu ya nchi nyingi.

Kulitunza

Suuza kwa maji safi kila baada ya matumizi, litundike kivulini penye hewa hadi likauke. Jua kali, moto na mashine ya kukaushia huua povu na kuozesha nyuzi. Petroli nayo hulila, kwa hiyo lisikae karibu na tangi. Usilikalie, usilifanye mto wala kizuizi cha boti kugonga gati: povu lililokandamizwa halirudi.

Kila mwanzo wa msimu, vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote, funga na kufungua kila bizimu, na tazama rangi. Kitambaa kilichopauka sana, ukikikwangua kwa ukucha na nyuzi zikakatika, kimekwisha. Bonyeza povu: likiwa gumu, linavunjika kama mkate uliokauka, au limenyonya maji na kuwa zito, jaketi limekwisha.

Kuna kipimo cha kweli kwa jaketi la povu la mtu mzima wa zaidi ya kilo 70. Fungia kipande cha chuma chini yake: kilo 5.8 kwa la 50 N, kilo 11.7 kwa la 100 N, na uliweke majini usiku kucha karibu na ufuko, likiwa na kamba. Likizama, nguvu yake imeshuka chini ya ilivyoandikwa. Tumia chuma, usitumie jiwe: jiwe hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake likiwa majini, na jaketi bovu litafaulu mtihani.

La kujaza hewa linataka zaidi. Kila mwezi hakikisha mtungi umekazwa kwa mkono, hauna kutu, na kiashiria ni kijani. Upime mtungi kwa mizani ya jikoni na ulinganishe na uzito uliochongwa juu yake. Ukipungua zaidi ya gramu mbili, badilisha. Angalia tarehe ya mwisho ya kidonge. Mara moja kwa mwaka lijaze kwa mdomo na uliache saa 24, likilegea, linavuja. Litoe hewa kwa kubonyeza vali kwa kifuniko chake kilichogeuzwa, usichomeke kijiti. Likishafyatuka hata mara moja, halivaliwi tena hadi liwekewe mtungi mpya na kidonge kipya vya aina ile ile.

Jaketi lililofeli lisirudishwe stoo wala lisigawiwe. Kata mikanda yote, pasua kitambaa, toa povu, ndipo ulitupe, ili asije mtu akaliokota na kulivaa kwenye chombo chake.